Kabla ya Kumuuliza Daktari, Muulize Mzazi

Mzazi mzee anapoambiwa kuwa ana saratani, sisi watoto hukimbilia kuuliza ni matibabu gani yenye nguvu zaidi, ilhali swali la kwanza lingepaswa kuelekezwa kwake yeye: ni jambo gani asingependa kulipoteza, iwe ni kutembea mwenyewe, kuwa na kumbukumbu nzuri au kulala nyumbani kwake? Liandike jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, kisha mwende nalo kwa daktari.

Huko, uliza waziwazi kama lengo la matibabu ni kuponya, kurefusha maisha au kupunguza maumivu, kwa maana tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, inaweza kutolewa kwa lengo lolote kati ya hayo, na madhara anayoweza kuyavumilia hupimwa kwa lengo hilo. Umri peke yake si kigezo. Hali ya moyo, figo, lishe na nguvu za mwili ina uzito zaidi, hivyo beba dawa zote anazotumia, hata za mitishamba.

Kiti chako kiweke nyuma kidogo ya chake, ili daktari azungumze naye uso kwa uso badala ya kumzungumzia kana kwamba hayupo. Tiba shufaa nayo, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya siku za mwisho tu, inaweza kuanza sambamba na matibabu mengine, iulizieni mapema. Na akisema hataki kutibiwa, mwulizeni kwa upole anachokihofia kabla ya kuanza kumbembeleza.