Kuhesabu chembechembe za hewani kwenye ncha za dunia: hatua kwa hatua, kuanzia mrija hadi wastani

Hewa ya ncha za dunia ni safi kiasi kwamba mchafuzi wa kwanza wa kuogopwa ni wewe uliyekwenda kuipima. Kando ya barabara yenye foleni mjini, kila sentimita ya ujazo ya hewa huwa na makumi ya maelfu ya chembechembe. Kwenye kituo cha Zeppelin, mita 474 juu ya bahari pale Ny-Ålesund, kwenye visiwa vya Svalbard vya Norwei, siku nyingi utakuta mia chache tu, au pungufu ya hapo. Pikipiki moja ya theluji ikipita karibu, hesabu yako imeharibika. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inahusu jambo moja: kuhakikisha ulichohesabu ni cha huko nje, si chako.

Hatua ya 1: Ujue msimu kabla ya kuchagua mashine

Kuanzia mwishoni mwa majira ya baridi hadi Aprili hivi, Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini, hufunikwa na ukungu wa uchafu uliosafiri kutoka Ulaya na Asia, hasa salfeti na masizi. Hewa ya chini imetulia kwa baridi, mvua na theluji ni haba, kwa hiyo hakuna cha kuuosha. Chembe zake nyingi zina kipenyo cha nanomita 100 hadi 200 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kiangazi mambo hugeuka: manyunyu huisafisha hewa, na jua lisilozama husaidia kuzaliwa kwa chembe changa, ndogo sana, kutokana na gesi zinazotoka baharini.

Sasa fikiria umekwenda na kile kipima vumbi cha bei nafuu kinachotegemea mwanga peke yake. Hicho huanza kuona kwenye nanomita 300 hivi. Kitakuambia hewa ni tupu, nawe utaamini. Tumia kihesabu kinachokuza chembe kwa mvuke wa butanoli, aina ya alkoholi: chembe ya nanomita 10 hujivika butanoli, ikanenepa hadi leza ikaiona, na kuhesabiwa moja moja.

Hatua ya 2: Weka mdomo wa mrija wa kuvutia hewa upande unakotoka upepo

Jenereta, jiko na magari vyote vikae upande upepo unakoelekea. Kwenye kituo cha Marekani kilichopo Ncha ya Kusini, jengo la kupimia hewa limewekwa upande unakotoka upepo kwa siku nyingi za mwaka, na eneo lililo mbele yake ni marufuku kuchafuliwa. Kwenye kituo cha Barrow, Alaska, wao huhesabu upepo kuwa safi ukitoka kati ya nyuzi 0 na 130 za dira. Funga kipima upepo karibu na mrija, na kirekodi kwa saa ileile inayotumiwa na kihesabu. Bila rekodi hiyo hutaweza kutenganisha Aktiki na bomba la moshi la jirani.

Hatua ya 3: Mrija

Chuma cha pua, mfupi, usio na kona kali. Plastiki ya kawaida usiiguse: katika hewa kavu hujaa umeme tuli na kunasa chembe njiani.

Kuhusu ukavu, baridi inakufanyia kazi. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri, hata ikiwa imeshiba mvuke, ikiingia kwenye chumba cha nyuzi 20 unyevu wake hushuka hadi asilimia 4 hivi. Kiangazi angalia unyevu usivuke asilimia 40. Mdomo upashwe moto kidogo, maana barafu hujijenga pale taratibu.

Hatua ya 4: Kipimo cha sifuri

Hapa usiwe na haraka. Chomeka chujio la HEPA, linalonasa karibu chembe zote, kwenye mdomo wa mrija, kule juu kabisa, si nyuma ya mashine. Namba ianguke hadi 0 na ibaki hapo. Ikisimama kwenye 5, mjini ungeipuuza, lakini kwenye ncha maana yake mrija unavuja. Hewa ya chumbani ina chembe nyingi kuliko ya nje, kwa sababu ya watu, nguo na pampu, na tundu dogo linatosha kuivuta ndani. Kaza nati moja, subiri, soma. Kisha inayofuata, ukianzia kwenye mashine kwenda juu. Usikaze zote kwa pamoja, hutajua iliyovuja ni ipi.

Butanoli inayotoka nyuma ya mashine ipelekwe mbali na mirija yote. Wenzako wanaopima kemia ya hewa watakushukuru.

Hatua ya 5: Chujio tupu

Ukikusanya masizi kwenye machujio, chukua moja la ziada. Libebe, lifungue, liweke kwenye kishikio, ila usiwashe pampu. Kitakachokutwa juu yake maabara ndicho uchafu wa mikono na safari yako. Kiasi hicho kipunguze kwenye hesabu ya machujio mengine.

Hatua ya 6: Kusafisha data

Usifute kitu, vipimo vyenye shaka viwekee alama. Kisha rekebisha hesabu hadi joto la nyuzi 0 na shinikizo la hektopaskali 1013.25 ili vituo vilinganishwe. Mfano: umesoma 180 kwenye nyuzi 20 na hektopaskali 950. Zidisha 180 kwa 1013.25/950, halafu kwa 293.15/273.15 (nyuzi 20 na 0 zikiwa kwa kelvini). Unapata 206.

Kwa masizi utaona namba hasi, maana hewa ikiwa safi sana mashine huyumba juu na chini ya sifuri. Ziache. Chukua mfano wa 6, -4, 3, -5 na 5, nanogramu kwa mita ya ujazo: wastani ni 1. Ukitupa hasi, wastani unaruka hadi 4.7, na umeichafua Aktiki ukiwa umekaa kwenye kompyuta.

Kama bado hujafika huko, fanya mazoezi na data za Zeppelin zilizopo kwenye hifadhi ya EBAS inayotunzwa na taasisi ya NILU ya Norwei. Hatua hizihizi zinafaa pia kituo cha Mlima Kenya, kilicho mita 3,678 juu ya bahari. Ukifungua faili za EBAS, thamani zenye tarakimu za 9 tupu maana yake hakuna kipimo. Ziondoe kabla ya kuchukua wastani, soma safu ya alama, na kumbuka saa zote ni za UTC, saa ya kimataifa.