Risasi laini kwa bastola fupi: mwongozo kwa wana-Kigoma na wana-Tabora walioko Marekani

Gobori lina teke, lakini lina pia uzito wa mti na chuma, na bega la kulipokea. Bastola fupi ya silinda, ile yenye mtutu usiofika sentimita 5 na nafasi ya risasi tano, haina hata kimoja kati ya hivyo. Smith & Wesson 642, ambayo kinamama wengi hushauriwa kuinunua kwa sababu ni ndogo, ina takriban gramu 415. Haifiki nusu kilo ya sukari. Udogo huo ndio unaoifanya iwe ngumu kuliko bastola kubwa: teke lote linaishia kiganjani, kati ya kidole gumba na cha shahada, na baada ya risasi kumi mkono unaanza kujikaza na macho kufumba kabla mlio haujatoka. Hapo ndipo shabaha inapopotea. Basi kazi ya kwanza ni kutafuta risasi ambayo mkono wako hauiogopi.

Kabla ya kununua chochote, jua unakoishi. Uingereza bastola za namna hii zilikatazwa 1997, na Kanada ilisimamisha uuzaji wa bastola kwa watu binafsi Oktoba 2022. Marekani kwenyewe, aliyeingia kwa viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki silaha, wala risasi moja tu mfukoni. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, mradi atimize masharti mengine. Duka lenye leseni haliuzi risasi za bastola kwa aliye chini ya miaka 21. Illinois wanadai FOID, kitambulisho cha mmiliki wa silaha, na New Jersey wanabana kubeba nje ya nyumba risasi zenye tundu kichwani.

Sasa soma maandishi ya kwenye mtutu. Yakisema .38 Special, nunua .38 Special. Usidanganywe na boksi la .38 S&W; majina yanafanana, lakini hiyo ni risasi nyingine, nene na fupi zaidi. Bastola ya .357 Magnum inakubali .38 Special pia, na kwa silaha nyepesi hiyo .38 ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Magnum kwenye bastola ya nusu kilo inaumiza, inatoa moto mkubwa mdomoni mwa mtutu, na inachelewesha risasi ya pili. Alama ya +P ina maana baruti inasukuma kwa nguvu zaidi. Kama mtutu au kitabu cha bastola hakitaji +P, usiitie.

Ya mazoezi ni wodikata ya greni 148, yaani gramu 9.6 za madini laini ya risasi. Ukiishika utaona haina ncha: kichwa ni bapa kama kizibo, kimezama hadi usawa wa mdomo wa ganda. Baruti yake ni kidogo, kwa hiyo kutoka mtutu wa kawaida inakwenda karibu mita 210 kwa sekunde, na kutoka mtutu mfupi pungufu ya hapo. Kwenye karatasi inakata tobo la duara safi kama la mashine ya kutobolea ya ofisini, hivyo unaona kila kosa lako. Anza na boksi moja la 50 kwa mwezi, mita 5 hadi 7, tano tano, na simama mkono ukianza kutetemeka. Kati ya siku hizo, fyatua bila risasi ya kweli, ukitumia risasi bandia. Triga ya bastola hizi ni nzito, mara nyingi inadai zaidi ya kilo 5, na kidole kinazoea kwa kurudia.

Ya kujilinda ndiyo yenye mabishano. Kipimo ambacho FBI wanakitumia ni kwamba risasi ipenye jelatini ya majaribio, inayoiga nyama, kati ya sentimita 30 na 45. Risasi yenye tundu imekusudiwa kufunguka kama ua inapoingia, lakini kufunguka kunahitaji mwendo, na mtutu mfupi hauutoi kirahisi. Kisha kuna baridi: koti la Minnesota lina matabaka, na kitambaa kikijaa tunduni risasi haifunguki tena. Kampuni ya Speer walitengeneza risasi ya Gold Dot ya greni 135 +P mahsusi kwa mtutu mfupi. Ni nzuri, ila teke lake unalihisi. Nyepesi sana, za greni 90 hadi 110, zina teke dogo zaidi, na baadhi huishia njiani kabla ya kufika kina kinachotakiwa. Kwa mkono dhaifu, mzee mwenye baridi yabisi kwa mfano, wodikata ileile ya mazoezi inafaa: haitegemei kufunguka, inakata, na kwa kawaida inafika kina. Kasoro yake ni wakati wa kujaza upya. Kichwa bapa hakijiongozi kuingia kwenye silinda, hivyo risasi za akiba ziwe zenye ncha ya mviringo.

Ukishachagua, usiiamini kwa jina la kwenye boksi. Piga angalau 50. Jaza tano, piga nne, kisha toa ya tano na uisimamishe mezani karibu na mpya. Ikiwa imerefuka, teke limeanza kuvuta kichwa kutoka kwenye ganda. Kikisogea zaidi kitatokeza mbele ya silinda na kuifunga isizunguke. Aina hiyo iache. Angalia pia inapotua: saiti (za kulengea) zisizorekebishika mara nyingi zimepangwa kwa greni 158, kwa hiyo nyepesi na ya kasi hutua chini kidogo, kwa sababu inatoka kabla mtutu haujainuka.

Kutoa maganda, elekeza mtutu juu na upige kijiti cha kutolea maganda mara moja kwa nguvu. Ukifanya polepole, vumbi la baruti huingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda, au ganda moja likateleza chini yake, na silinda haitafungika tena.

Fikiria na ukuta. Nyumba ya tofali za kuchoma ya Tabora si sawa na ya mbao na bodi za jasi ya huko. Risasi yoyote ya bastola, hata ile laini, inaweza kupita kuta kadhaa hadi chumba cha watoto. Jua nani amelala nyuma ya kila ukuta. Bastola ikiwa haiko mwilini, iwe ndani ya kisanduku chenye kufuli.

Kichwa cha wodikata ni madini ya risasi matupu, yenye sumu, yasiyovikwa shaba, na fataki nyingi (kiwasha baruti kilicho kitakoni mwa ganda) zina madini hayohayo. Ukitoka uwanja wa shabaha nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, na badili nguo kabla hujampakata mtoto.

Na ukiwa unarudi nyumbani kusalimia, begi lililowahi kwenda uwanjani libaki huko. Tanzania inasimamia jambo hili kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na risasi bila kibali ni kosa hata kama bastola umeiacha Ohio. Kama huna begi jingine, lipindue, pitisha vidole kwenye kila mshono, na kagua mfuko mdogo wa pembeni, maana wodikata ikizama kwenye kona ya kitambaa utadhani ni kizibo cha kalamu.