Kupima ubora wa mechi ya CFL kwa jicho la raga

Aliyezoea kutazama Prinsloo Sevens Nakuru au Dala Sevens Kisumu hatapotea akiifuatilia CFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kanada, mchezo unaofanana na futiboli ya Marekani. Uwanja una urefu wa yadi 110, takriban mita 100, na upana wa yadi 65. Kila timu huchezesha watu 12 na hupewa dauni 3, yaani majaribio matatu, za kusogeza mpira yadi 10. Mabao mengi si ushahidi wa mchezo mzuri, kwa hiyo usianze na matokeo.

Mechi ya saa moja jioni Toronto wakati wa kiangazi huanza huku saa nane usiku. Ukiitazama asubuhi, sawa tu, mradi hujaona matokeo. Chukua daftari, uchore safu tatu: yadi zilizopatikana dauni ya kwanza, kilichotokea dauni ya pili, na penalti.

Safu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Dauni ya tatu kwa kawaida hutumika kuupiga mpira mbali kwa mguu, kwa hiyo timu ina nafasi mbili tu. Ikipata yadi 5 au zaidi mwanzoni, dauni ya pili yaweza kuwa mbio au pasi, na walinzi hulazimika kuziba kote. Ikipata 1 au 2, kila mtu anajua pasi inakuja. Kwotabeki, yule anayerusha pasi, huvamiwa na kuharakisha kurusha. Robo nzima ya mechi ikienda hivyo, tafuta chanzo kabla ya kumlaumu yeye.

Mara nyingi chanzo ni wale watano wa mbele wanaomkinga. Kanuni hudai angalau Wakanada 7 miongoni mwa wanaoanza, na vilabu vingi huwaweka kadhaa hapo. Mmoja akiumia na akiba ya Kikanada ikawa dhaifu, kocha humwingiza Mmarekani, kisha humtafutia Mkanada nafasi kwingine. Jeraha moja huvuruga sehemu mbili. Soma orodha ya majeruhi pamoja na uraia wao, kisha katika dauni 10 za kwanza za mechi tazama hao watano, uache mpira.

Juni, msimu unapoanza, penalti za kuvuka mapema mstari ambapo mpira huanzia huwa nyingi. Wapokeaji huruhusiwa kukimbilia mstari kabla mpira haujaanza kuchezwa, na kuoanisha muda huo kunahitaji mazoezi. Mechi za maandalizi ni 2 tu. Si haki kuihukumu timu kwa wiki tatu za mwanzo.

Kando ya kila robo andika nani anasukumwa na upepo, hasa Regina na Winnipeg ambako viwanja viko wazi. Vancouver kuna paa. Novemba baridi huufanya mpira kuwa mgumu na vidole kufa ganzi, hivyo mipira iliyodondoshwa isihesabiwe sawa na ya Julai.

Angalia pia siku za mapumziko, kwani mechi 18 huchezwa ndani ya wiki 21. Uchovu huonekana robo ya mwisho kwenye ukabaji: uwanja ni mpana, na anayemkosa mshambuliaji mmoja humwachia yadi 20.

Mwaka 2025 ligi ilitangaza kwamba kuanzia 2027 uwanja utakuwa yadi 100, na magoli yatasogezwa nyuma. Msimu huo fungua daftari jipya. Hesabu za mateke hasa hazitalinganishika na za zamani.