Kampuni imevujisha data zako? Hivi ndivyo unadai Kenya

Hizi meseji hupenda kuja Ijumaa jioni. "Mteja mpendwa, tumegundua tukio la kiusalama kwenye mifumo yetu, tunaomba radhi kwa usumbufu." Basi, wamemaliza. Hawakwambii ni namba ya simu tu imeenda ama na kitambulisho, na mshahara wako, na majina ya wale uliwaandika kama wadhamini bila hata kuwauliza. Mimi ilinipata kupitia kampuni moja ambayo siitaji hapa, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuifuta ile meseji kwa hasira, alafu baadaye nikawa natafuta mtu mwingine aliyetumiwa anipigie skrinshoti. Usifute kitu. Hiyo meseji ndio kampuni yenyewe inakiri kwa mdomo wake.

Kwanza funga milango, sheria itangoja mpaka kesho asubuhi. Badilisha paswadi na PIN, haswa kama unatumia ileile kila mahali, na wengi wetu ni mwaka wa kuzaliwa, tusidanganyane. Piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, ukiona usiyoijua iripoti. Kama laini ni ya Safaricom kuna *100*100#, inazuia mtu kwenda kwa ajenti kukubadilishia laini akijifanya ni wewe. Baada ya wiki kadhaa omba ripoti yako ya CRB, wale wanaoweka rekodi za mikopo ya watu, moja kwa mwaka ni bure, uangalie kama kuna mkopo umechukuliwa kwa jina lako. Na kila hatua piga skrinshoti yenye tarehe, kwa sababu hivyo vyote baadaye ni ushahidi.

Sasa sheria. Katiba kifungu cha 31 kinalinda faragha yako, na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ambayo ndiyo silaha yenyewe. Kifungu cha 43 kinasema kampuni ikijua data zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya wewe kuumia, lazima imjulishe Kamishna wa Data ndani ya masaa 72, na wewe pia ujulishwe kwa maandishi bila kuzungushwa. Na hapo hawafai kukupa zile radhi tupu, wanatakiwa waseme ni uvujaji wa aina gani, wamechukua hatua gani, wewe ufanye nini kujikinga, na utampata nani pale ofisini kwao ukiwa na maswali. Linganisha hayo na meseji uliyotumiwa. Kila kinachokosekana kiandike.

Utasikia ile ya "si sisi, ni kampuni inayotuwekea data ndiyo ilidukuliwa." Usikubali kirahisi. Wewe uliwapa wao, hukumpa huyo fundi wao. Aliyekusanya data ndiye anabeba madhara, na yule fundi anabeba kama alikosa wajibu wake mwenyewe ama alienda kinyume na alivyoagizwa. Ila tuwe wakweli pia, kuibiwa peke yake hakumaanishi kampuni ina makosa, wakithibitisha kwamba hawakuhusika kwa njia yoyote na kilichotokea wanaweza kuchomoka. Kwa hivyo unachotafuta ni uzembe: paswadi zilikuwa wazi, wafanyakazi wote walikuwa wanaona kila kitu, ama data zako za mkopo uliolipa kitambo zilikuwa bado zinakaa tu huko.

Kabla ya kwenda kwa Kamishna, waandikie wao. Imeili inatosha, na hii ndiyo nilituma mimi karibu neno kwa neno:

"Mimi ni fulani, mteja wenu tangu mwaka fulani, namba yangu ya simu ni hii. Tarehe fulani mlinijulisha kwamba taarifa za wateja zimevuja. Kwa haki yangu chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019, naomba nakala ya data zote mlizonazo kunihusu. Naomba pia mniambie ni zipi kati ya hizo zimevuja, mlijua lini, mlimjulisha Kamishna tarehe gani, na ni kina nani wengine mliowapa data zangu."

Nakala ya data zako wanafaa kukupa ndani ya siku saba, bila malipo. Hayo maswali mengine wanaweza kuzubaa nayo lakini we uliza tu, kunyamaza kwao utakuja kukutumia. Na usifanye vile rafiki yangu alifanya, alikasirika akaandika "futeni data zangu zote saa hii," wakamsikiza, wakafuta, alafu alipotaka kuonyesha walikuwa na nini kumhusu hana kitu mkononi. Chukua nakala kwanza, ya kufuta iombe mwisho. Hiyo wana siku 14 kukujibu, na wanaweza kubaki na zile ambazo sheria nyingine inawalazimisha kuweka.

Wakikupuuza ama wakikujibu ujinga, nenda Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ile watu huita ODPC. Malalamiko unaweka kwenye tovuti yao, kwa imeili, ama unaenda mwenyewe na kueleza kwa mdomo wanakuandikia. Ni bure na huhitaji wakili. Mtu mwingine anaweza kukuwekea, na hata bila kutaja jina inawezekana, ingawa sioni vile utalipwa fidia kama hawajui we ni nani. Kampuni inapewa siku 21 kujibu, mkitaka mnaweza kupatanishwa, na uamuzi unafaa kutoka ndani ya siku 90. Hizo 90 ziandike kwenye kalenda, fuatilia kila wiki mbili kwa imeili, kwa adabu, lakini fuatilia.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Faini si pesa yako. Kamishna anaweza kuipiga kampuni faini hadi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka uliopita, yoyote iliyo ndogo. Septemba 2023 alipiga tatu kwa mpigo: Mulla Pride, wenye programu za mikopo, shilingi 2,975,000, Roma School 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na Casa Vera Lounge 1,850,000 kwa picha ya mteja. Hizo hazikuwa kesi za udukuzi, lakini zinaonyesha meno yapo. Sasa, pesa kama hiyo inaenda serikalini. Yako ni fidia, kifungu cha 65, na lazima uiombe kwa jina lake kwenye malalamiko yako: "naomba fidia." Watu wanaandika kurasa tatu za uchungu na hilo neno halimo popote.

Fidia si ya pesa zilizopotea tu, sheria inataja pia kusumbuka kimawazo. Lakini usiseme tu "nilisumbuka sana," onyesha. Weka daftari: tarehe, nani alipiga, alisema nini, nauli ya kwenda kubadilisha laini, siku ulikosa kazi, usiku mama alipigiwa akaambiwa umepata ajali atume pesa. Risiti zote weka.

Kilicho kigumu zaidi ni kuonyesha kwamba hao matapeli walipata namba yako kutoka kwa hiyo kampuni na si kwingine, maana Nairobi hii kila geti unaandika jina, simu na kitambulisho kwenye daftari la mlinzi, kampuni itasema zimetoka huko. Mimi niliokolewa na kosa la mtu. Yule wa kampuni aliyenisajili alikosea herufi moja kwenye jina langu, sikuwahi kurekebisha, na tapeli alipopiga akaniita kwa lile jina la makosa. Hakuna daftari la geti lenye hilo jina. Tafuta yako kama hiyo: imeili unayotumia sehemu moja tu, namba ya zamani, kiasi cha mkopo kamili ambacho ni wao tu walikijua.

Kama pesa zimeibiwa, pigia benki ama kampuni ya simu dakika hiyohiyo wasimamishe, alafu polisi, na usitoke bila namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Hiyo ni ya kumtafuta mwizi, Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018, na haiondoi lawama ya kampuni, zote mbili zinaenda sambamba.

Mahakama Kuu iko pia. Usiporidhika na uamuzi wa Kamishna una siku 30 kukata rufaa. Kuanzia huko moja kwa moja inawezekana kwa kutumia Katiba lakini majaji mara nyingi wanauliza mbona hukupitia kwa Kamishna kwanza, na hapo unakuwa umelipa wakili bure. Mkiwa wengi ndio inaleta maana: kesi ya Worldcoin, wale waliokuwa wanapiga watu picha za macho na kuwapa sarafu za kidijitali, shirika la Katiba Institute lilikuwa ndani, Mei 2025 mahakama iliamuru data za macho na nyuso za Wakenya zifutwe ndani ya siku saba. Mtu mmoja mmoja hangeweza.

Kwa walio Tanzania, yenu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na malalamiko yanaenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, siku zake msichukue hizi za Kenya. Walio Uingereza, ICO, ofisi yao ya kulinda data, itapokea malalamiko lakini fidia haiwezi kukupa, hiyo mpaka mahakamani.

Na kitu kimoja, baada ya data kuvuja kuna watu watakupigia wakijiita wa ODPC ama mawakili wa "kesi ya pamoja," wanajua mpaka jina lako la tatu. Wakisema tuma elfu mbili ya kufungulia faili, kumbuka faili ni bure. Skrinshoti hiyo namba, ongeza kwenye daftari.