Jinsi ya kuwinda sungura wa theluji huku Maine mpaka afike kwenye sufuria

Kila winta huku Lewiston na Portland, jimbo la Maine, Marekani, watu wanaulizana nyama ya pori tutaipata wapi, tunaona watu wamebeba kulungu kwenye pikapu mwezi wa kumi na moja alafu tunadhani msimu ukiisha ndo basi tena mpaka mwakani. Hapana jamani. Sungura wa theluji anawindwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi, na Januari na Februari ndo raha yenyewe, msitu mtupu, hakuna mbu hakuna kupe. Kwa siku unaruhusiwa wanne. Mmoja ana kilo moja na nusu hivi kabla hujamchuna, kwahiyo wawili tu familia inakula vizuri.

Sheria kwanza maana hapa ndo watu wanaumia. Lazima usome kozi ya usalama wa wawindaji alafu ukate leseni. Kama kesi yako ya asailamu (kuomba hifadhi) bado haijaisha, au uko kwa viza ya muda, USIGUSE bunduki kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji, hata ya kuazima, sheria ya serikali kuu kuhusu wageni na silaha ni kali na kosa moja linaweza kukuharibia karatasi zote. Jumapili Maine hakuna kuwinda kabisa. Usifyatue ndani ya yadi 100 kutoka kwenye nyumba ya mtu bila ruhusa yake, na kwenye gari bunduki iwe tupu. Ukiona mti umepigwa mstari wa rangi ya zambarau, mwenye shamba anataka umuombe ruhusa kwanza, mgongee mlango, ongea naye kwa heshima, wengi wanakubali. Kuna pia sungura mwingine mdogo wa kusini karibu na pwani, huyo analindwa na haruhusiwi kupigwa, na habadiliki rangi kuwa mweupe winta kama huyu wa theluji. Mimi nashika hivi: katikati ya winta ukiona wa kahawia mwache aende.

Sasa mahali pa kumtafuta. Sahau msitu mkubwa wenye miti mirefu ambao unaona mbali, huko chini hakuna kitu. Tafuta sehemu waliyokata miti miaka kumi na tano au ishirini iliyopita, sasa imejaa miti midogo ya krismasi imebanana mpaka unaona kero kupita, au kinamasi chenye miti ya sida (mierezi). Anataka pa kujificha juu na chini kwasababu kila kitu kinamtafuta, bundi, mbweha, koyote (mbwa mwitu wa huku). Huko kaskazini Aroostook kuna na linksi, yule paka mkubwa wa msituni ambaye chakula chake karibu chote ni huyu sungura. Ukiona nyayo zake, za mviringo kubwa bila alama za kucha, furahi maana sungura wapo, lakini yeye mwenyewe analindwa na sheria, usimguse.

Alama za sungura: miguu mikubwa ya nyuma inatua MBELE ya ile midogo ya mbele, watu wengi wanasoma kinyume wanafuata njia upande aliotoka. Mavi ni vidonge vya mviringo. Angalia na vijiti, sungura anakata kwa mshazari safi kama umepitisha kisu, kulungu hana meno ya mbele ya juu kwahiyo yeye anachana tu. Ukikuta vinjia vilivyokanyagwa mpaka vimekuwa vigumu ujue uko kwao.

Viatu vya theluji. Usinunue virefu kwa kudhani ndo bora. Kwenye vichaka unataka vifupi na vipana visivyo na mkia, virefu ni vya uwanda na ziwa lililoganda. Vya zamani vya mbao na ngozi, kama wanavyotengeneza wenyeji wa hapa Wapenobscot na Wapassamaquoddy, havipigi kelele kwenye theluji yenye gamba, vya alumini vinakwaruza sana. Ila vya alumini ni rahisi kupata na vina meno chini ya kupandia kilima, anza navyo. Tembea miguu imeachana kidogo, usirudi kinyumenyume utaanguka, geuka kwa kuzunguka polepole. Na karibu na shina la mti wenye matawi ya chini kunakuwa na shimo limefichwa na theluji, pitia mbali. Kwenye kinamasi kuna vijito chini ya theluji ambavyo havigandi vizuri, ukisikia maji, rudi.

Bunduki ya marisau geji 20 (ukubwa wa mtutu) na risasi namba 6 (ukubwa wa marisau) inatosha, piga ndani ya mita 25, zaidi ya hapo unajeruhi tu. Wenye bunduki ndogo ya risasi moja moja, ile ya .22, wapige kichwani akiwa amekaa, na waangalie nyuma yake kuna nini kwasababu risasi hiyo inaenda mbali sana. Ukianguka, na utaanguka, kitu cha kwanza kabla hata ya kujipangusa ni kutoa risasi na kuangalia mtutu kama umeingia theluji. Mtutu ulioziba unapasuka mikononi mwako. Wengine wanabandika kipande cha tepu mdomoni mwa mtutu na ni wazo zuri.

Haya, uwindaji wenyewe, na hapa nawaomba msome taratibu. Wenye mbwa wa kunusa wanamuachia mbwa amfukuze, sungura anazunguka kwenye eneo lake na kurudi karibu na pale alipoamshwa, wewe unamsubiri. Lakini huna mbwa, na mbio huwezi kushindana naye, miguu yake ni viatu vya theluji vya kuzaliwa navyo. Silaha yako ni KUSIMAMA. Mchana anakaa tuli chini ya tawi lililolemewa na theluji na ukipita mwendo mmoja anakuacha upite, hata mita tatu kutoka kwake. Kwahiyo piga hatua tano sita, simama dakika nzima, au mbili, angalia chini ya kila tawi, alafu tena. Ukimya ule anauona ni wa adui aliyemuona, anaingiwa wasiwasi, anatoka. Na usimtafute sungura mzima, huwezi kumuona, mweupe juu ya weupe. Tafuta jicho, doa jeusi linalong'aa, na ncha za masikio ambazo zinabaki nyeusi winta yote. Kama mko wawili mmoja apite katikati ya kichaka mwingine asimame pembeni, wote mmevaa rangi ya chungwa na kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi, bila hivyo msianze.

Siku nzuri ni ile baada ya theluji kuacha usiku, asubuhi hakuna upepo na jua limetoka, kila unyayo ni mpya. Mwanzo wa msimu kuna bahati nyingine: manyoya yanabadilika kufuata urefu wa mchana, hayasubiri theluji, kwahiyo theluji ikichelewa unamkuta mweupe pee kwenye majani ya kahawia.

Vaa sufu, pamba ikilowa inakuua. Beba kiberiti, dira, na simu uiweke karibu na mwili maana betri inakufa kwa baridi. Mwezi wa kumi na mbili huko kaskazini jua linazama saa kumi kasorobo, anza kurudi saa nane.

Ukimpata, vaa glavu, mtoe matumbo hapohapo kabla hajaganda akawa jiwe. Angalia ini: likiwa na madoa meupe meupe inaweza kuwa tularemia, homa ya sungura, inaambukiza watu, usimle. Ngozi ni nyembamba, chana katikati ya mgongo uvute pande zote mbili, inatoka yenyewe.

Waislamu, kwa Sunni ni halali, Shia hawamli. Taja jina la Mungu kabla ya kufyatua na ukimkuta hai mchinje. Wasabato nao hawamli kwasababu ya Walawi 11, kwahiyo uliza kabla hujampelekea jirani.

Nyama ni nyekundu, ngumu, haina mafuta kabisa. Walioishi msituni kwa kula sungura peke yake walikuwa wanashiba na huku wanadhoofika na kuharisha, mwili unataka mafuta. Basi usiwe bahili. Loweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha ndani ya friji, kaanga vipande mpaka viwe kahawia, weka kitunguu kingi, tangawizi, saumu, nyanya, chemsha moto mdogo masaa mawili au zaidi mpaka nyama iachie mfupa, mwisho tui zito la nazi, au mawese kama ni nyumba ya Wakongo. Watoto waambie watafune polepole, marisau huwa yanabaki ndani.