Paleti ya rangi kutoka msitu wa mepo

Mteja akiomba "rangi za majira ya kupukutika majani", wabunifu wengi humpa nyekundu, chungwa na manjano, zote kali na zote zikipigania nafasi. Macho yanachoka haraka. Msitu wenyewe hauko hivyo, ndiyo maana mimi huanza na picha halisi. Hapa natumia mepo (miti inayoitwa maple kwa Kiingereza) wa Vermont, Marekani, wanaobadilika rangi kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba.

1. Chagua picha. Iliyopigwa siku ya mawingu ni bora, kwa sababu jua la utosini huyafanya majani yang'ae na kupoteza rangi. Shina na anga vionekane pia.

2. Zijue rangi zenyewe. Siku zikifupika na baridi ikikaribia, klorofili, yaani kijani cha majani, huvunjika. Manjano ya karotenoidi, rangi asilia ya mmea, ilikuwamo ndani ya jani muda wote, imefunikwa na kijani. Nyekundu ni tofauti: anthosiyanini, rangi asilia inayoleta wekundu, hutengenezwa wakati huohuo kwa sukari iliyo ndani ya jani, na sehemu zinazopigwa na jua ndizo huiva zaidi. Shika jani moja ulitazame: kingo nyekundu, katikati chungwa, na kandokando ya mishipa kijani bado kimeng'ang'ania. Kijani hicho usikiache! Ndicho kinachoifanya nyekundu iwake.

3. Chukua rangi. Katika Photoshop, programu ya kuhariri picha, weka kichujio cha Mosaic chenye vigae vikubwa. Kila kigae hubeba wastani wa rangi za eneo lake, na huo ndio wa kuchukua, maana pikseli (nukta ndogo za picha) mojamoja hupotosha. Paleti yangu, pamoja na msimbo wa kuandika kwenye programu ili kupata kila rangi:

- gome: #3B2314
- nyekundu: #9E2A1F
- chungwa: #C9601F
- manjano: #E0A526
- kijani kilichofifia: #6B7345
- anga la mawingu: #E9E1D3

4. Gawa nafasi. Anga lichukue takriban asilimia 60, gome na kijani 30. Rangi tatu za moto zigawane 10 iliyobaki. Najua inauma kuzibana hivyo, lakini jaribu.

5. Pima maandishi. WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka utofauti wa mwanga kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake wa angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, na 3:1 kwa makubwa. Nyeupe juu ya manjano hii inapata kama 2.2 tu, haisomeki. Weka maandishi ya rangi ya gome, utapata 6.7. Nyeupe juu ya chungwa ni takriban 4.1, hivyo itumie kwa vichwa vya habari pekee. Juu ya nyekundu haina shida, ni 7.5.

6. Kama kazi inachapishwa, badilisha faili kuwa CMYK (mfumo wa rangi nne za wino wa kuchapa) mapema na utoe nakala ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika. Ikague kwa mwanga wa mchana, ukianza na chungwa, kwa sababu wino haufikii mng'ao wa skrini.