Namna ya Kuandika Kuhusu Waislamu na Waarabu bila Kuchanganya Dini na Asili

Kabla hujaandika neno "Mwarabu" au "Mwislamu", jiulize unajibu swali gani. "Mwislamu" hujibu swali la imani, yaani dini anayoifuata mtu. "Mwarabu" hujibu swali la asili na lugha. Yapo mamilioni ya watu ambao majina yote mawili yanawafaa, lakini kujua moja hakukupi ruhusa ya kubuni la pili.

Kipimo chepesi ni kubadilisha neno moja kwa jingine, kisha kuisoma sentensi upya. Tuseme umeandika: "Waarabu wataanza kufunga Ramadhani wiki ijayo." Sentensi hiyo imewasahau Waislamu wa Indonesia, ambao ni zaidi ya milioni 200 na si Waarabu, na papo hapo imewafungisha Ramadhani Wamaroni wa Lebanoni, ambao ni Wakristo na ambao, kwa mapatano ya mwaka 1943, ndio rais wa nchi hiyo hutoka miongoni mwao. Ukiweka "Waislamu", sentensi inasimama. Katika kila Waislamu watano duniani, Mwarabu ni takriban mmoja tu, kwa hiyo anayetumia maneno haya kama visawe huwa amekosea mara nyingi kuliko alivyopatia.

Yatenge vilevile maneno "nchi za Kiarabu", "nchi za Kiislamu" na "Mashariki ya Kati", kwa kuwa kila moja lina ramani yake. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, iliyoanzishwa mwaka 1945, ina wanachama 22. Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, ya mwaka 1969, ina wanachama 57. Iran na Uturuki ziko Mashariki ya Kati na watu wake wengi ni Waislamu, lakini si nchi za Kiarabu. Kiajemi, lugha kuu ya Iran, huandikwa kwa herufi zenye asili ya Kiarabu, na hapo ndipo wengi hujikwaa, ilhali lugha yenyewe ina udugu na Kihindi na lugha nyingi za Ulaya kuliko na Kiarabu.

Usiruhusu ishara za nje zikuamulie. Mwislamu husali kwa Kiarabu popote alipo, na hilo halimfanyi Mwarabu, kama vile Mkatoliki aliyesali kwa Kilatini hakugeuka Mrumi. Katika masahaba wa Mtume mwenyewe walikuwamo Bilal, mwenye asili ya Uhabeshi, na Salman, Mwajemi. Neno "Allah" nalo halithibitishi Uislamu wa msemaji, kwa sababu Wakristo wa Kiarabu humwita Mungu kwa neno hilohilo katika Biblia yao.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi, na ambayo hata waandishi wazoefu huiparamia, ni namna ya kusahihisha kosa la mtu mwingine. Tarehe 10 Oktoba 2008, katika mkutano wa kampeni mjini Lakeville, Minnesota, mwanamke mmoja alimwambia John McCain, mgombea urais wa Marekani, kwamba hamwamini mpinzani wake Barack Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain alichukua kipaza sauti, akakanusha, akasema kuwa Obama ni raia na baba wa familia mwenye heshima zake. Alisifiwa kwa uungwana wake, na nia yake naiona kuwa njema, lakini hebu lipime jibu lenyewe: kama kinyume cha Mwarabu ni mtu mwenye heshima, basi Mwarabu ni nani? Siku chache baadaye Colin Powell, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alijibu vizuri zaidi kuhusu uvumi kwamba Obama ni Mwislamu. Alieleza kwanza kuwa Obama ni Mkristo, kisha akauliza: na angekuwa Mwislamu, kungekuwa na ubaya gani? Fuata mpangilio huo. Sahihisha ukweli, halafu uikatae dhana kwamba neno lililotajwa ni tusi.

Tahadhari hiyo inahitajika hata katika habari za misiba. Siku nne baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mwenye kituo cha mafuta mjini Mesa, Arizona, alipigwa risasi akafa kwa sababu muuaji, akiona kilemba na ndevu zake, alimdhania kuwa Mwarabu Mwislamu. Alikuwa Msikh (Kalasinga), mfuasi wa dini iliyo tofauti na Uislamu, na mzaliwa wa India. Ukiandika kwamba "aliuawa kimakosa", msomaji anaweza kuelewa kuwa yupo ambaye angeuawa kihalali. Andika kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya Waarabu na Waislamu, kisha utaje dini yake.

Pale asili au dini ya mtu haihusiani na habari, futa neno lote. Pale inapohusika, muulize mwenyewe anavyojitambulisha. Mkopti, yaani Mkristo wa kanisa la kale la Misri, kwa mfano, huenda akajiita Mwarabu au akakataa katakata, na wote wawili wana haki. Ikiwa huna wa kumuuliza, tuseme unaandika maelezo ya picha ya mtu usiyemjua, andika kile tu unachokiona: "mwanamke aliyevaa hijabu", wala si "mwanamke wa Kiarabu".